Mama mkwe kaona vidonge vyangu vya PrEP, sasa nataka ile sindano ya miezi sita

Shangazi shikamoo. Naomba usiweke jina langu, niite tu Mama Wawili, niko Moshi, nauza mtumba pale Kiboriloni. Mume wangu yuko Mirerani, ni mwanaapolo, mchimba madini, anakaa huko hata mwezi na nusu ndo anarudi nyumbani, akirudi analala siku mbili tatu anaondoka. Shangazi mi si mtoto, najua kule ana mtu, meseji nimeziona na huyo mwanamke mwenyewe ameshawahi kunipigia simu usiku. Nikimuuliza anasema nasikiliza maneno ya watu. Kondomu ukiitaja tu ni ugomvi, ananiambia kwani wewe nimekuokota barabarani. Kupima ndo kabisa hataki kusikia.

Mwaka jana nilipompeleka mtoto kliniki kuna nesi mmoja alikaa na mimi vizuri akanielewesha habari za PrEP, kwamba ni kidonge unameza kila siku unajikinga wewe mwenyewe na virusi vya ukimwi bila kumuomba mtu ruhusa. Nikapimwa niko salama nikaanza. Nilikuwa naficha kopo ndani ya ndoo ya unga maana hapo hagusi mtu zaidi ya mimi. Sasa mama mkwe akaja kutoka Kibosho kukaa na sisi kwa sababu alifanyiwa matibabu ya macho, siku moja niko sokoni akataka kukoroga uji akaingiza mkono kwenye unga akatoka na kopo. Hakuniuliza. Alipiga picha akamtumia wifi yangu, wifi akamwambia hizo ni dawa za kufubaza, huyo ameathirika anatuficha. Tangu hapo kikombe changu kinawekwa peke yake na wajukuu wake anawaita wale na yeye. Kwa mume bado hawajasema, au kama wamesema yeye hajaniambia.

Mi nilivyogundua nilipaniki Shangazi, nikachukua vidonge vyote nikamwaga chooni. Nina wiki tatu simezi. Na mume alikuja Jumamosi akalala mpaka Jumatatu, na hatukutumia chochote.

Sasa nimesikia kuna sindano unachomwa mara moja unakaa miezi sita, hakuna kopo hakuna kuficha. Hii ni kweli au ni maneno tu ya mtandaoni? Kwenye grupu letu la WhatsApp la wauza nguo kuna mtu anasema anayo anauza elfu themanini, anakuja mpaka nyumbani kuchoma. Mi hela hiyo naweza kuitafuta. Pia nachoma ile ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zitagombana mwilini? Na mwakani nilitaka mtoto wa tatu, hiyo sindano haitaniharibia kizazi? Halafu huyu mama nimwambie nini, nilikuwa nafikiria niseme ni vitamini. Mume alitibiwa TB Kibong'oto huko nyuma, sijui kama na hilo lina maana, nimeona niseme tu.

Mama Wawili, Moshi

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naanza na hilo la Jumamosi kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi. Mtu akikutana na mwenza ambaye hajui hali yake na yeye mwenyewe hana kinga, zipo dawa za dharura zinaitwa PEP, zinaanzwa ndani ya masaa 72 na kadri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi, unameza siku 28 basi. Barua yako mpaka imenifikia masaa hayo yalishapita, kwaiyo mara hii haikusaidii, ila uijue, na yeyote anayesoma hapa na yuko ndani ya hizo siku tatu aache kusoma aende hospitali sasa hivi hata kama ni usiku.

Wewe wiki hii hii nenda kapime. Usimfiche kitu anayekupima, mwambie nilikuwa kwenye PrEP, nimeacha wiki tatu, mume alikuja Jumamosi. Maana kipimo cha leo kinasema vizuri mambo ya huko nyuma, ya juzi hakiwezi kuyaona bado, kwaiyo watakupa tarehe za kurudi na kwa kawaida wanakufuatilia mpaka miezi mitatu. Na kama kwenye hizi wiki umeona homa, koo linauma, vipele mwilini au mitoki imevimba sema pia, kwa sababu mwili ukiwa umeingiliwa na kirusi karibuni unaweza kuonyesha hivyo wakati kipimo bado kinasoma hasi. Majibu yakiwa hasi na dalili hizo huna, vidonge unarudishiwa siku hiyohiyo. Unaanza upya kumeza kila siku, na unahesabu siku saba ndo kinga imekaa, kabla ya hapo jihesabu huna.

Sasa sindano. Ni kweli ipo, si maneno ya mtandaoni, na ziko za aina mbili, watu wanazichanganya sana kwaiyo nisikilize.

Ya kwanza inaitwa kabotegraviri. Hii inachomwa kwenye nyama ya tako, unachoma ya kwanza, unarudi baada ya mwezi unachoma ya pili, halafu kila baada ya miezi miwili. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 3,200 wa huku kwetu Afrika, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Malawi, wakalinganishwa na wenzao waliopewa vidonge, na waliochomwa maambukizi yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 88. Shirika la Afya Duniani likaipitisha mwaka 2022.

Ya pili ndo hiyo uliyoisikia ya miezi sita, inaitwa lenakapaviri. Hii haiingii kwenye nyama, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, au paja, na ni sindano mbili siku moja. Siku hiyo ya kwanza unameza na vidonge viwili, kesho yake viwili tena, ili dawa ifike haraka kwenye damu wakati ile ya chini ya ngozi inaanza kazi taratibu. Ile dawa ikishaingia inaganda pale chini ya ngozi, inabaki kama jiwe la chumvi kwenye maji, inayeyuka kidogokidogo miezi na miezi, na inachofanya ni kushika lile ganda linalobeba vinasaba vya kirusi lisifanye kazi yake. Mwaka 2024 yalitoka majibu ya utafiti wa wasichana na wanawake wa miaka 16 mpaka 25 wa Afrika Kusini na Uganda. Waliochomwa lenakapaviri walikuwa 2,134 na hakuna hata mmoja aliyepata virusi. Hata mmoja mwanangu. Waliopewa vidonge vya kila siku walikuwa 1,068, wakaambukizwa 16. Marekani wakaipitisha Juni 2025 na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani nalo likatangaza pale Kigali kwamba nchi ziitumie.

Na kabla sijaendelea nataka nikutoe kitu moyoni, maana unavyoandika kwamba ulimwaga vidonge ni kama unajiona mzembe. Hapo Arusha jirani yako miaka ya 2009 mpaka 2011 kulikuwa na kituo kimoja cha utafiti mkubwa wa vidonge hivihivi, uliitwa FEM-PrEP, ulikuwa na wanawake 2,120 wa Tanzania, Kenya na Afrika Kusini. Wakausimamisha kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa dawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa wote walikuwa wanaambukizwa sawa tu. Watu wakasema dawa haifai. Walivyopima damu wakakuta chini ya asilimia 40 ya wale wanawake ndo walikuwa wamemeza siku za karibuni. Dawa ilikuwa nzima, ila mwanamke ana mume, ana mama mkwe, ana chumba kimoja na watoto, kopo analificha wapi kila siku ya Mungu? Hizi sindano zimetengenezwa kwa sababu ya wanawake kama wewe, wenye ndoo ya unga. Kwaiyo kuitaka kwako siyo uvivu wa kumeza, una haki kabisa ya kuitaka.

Ila naomba unisikilize kwa makini hapa, kwa sababu ndipo ninapoogopa kwako. Usikae bila kinga ukisubiri sindano. Hii dawa inafika kwa awamu, Eswatini na Zambia ndo zilipokea mzigo wa kwanza Afrika Novemba 2025, na popote inapofika inaanza na vituo vichache na makundi fulani kwanza, wakiwemo wajawazito, wanaonyonyesha na wasichana. Pale hospitali ya Mawenzi au KCMC ingia CTC, ile kliniki ya huduma za virusi vya ukimwi, uulize, lenakapaviri au kabotegraviri mmeanza kutoa, na kama bado niandikeni niwe kwenye orodha. Wakisema leo ipo, vizuri. Wakisema subiri, unasubiri huku unameza. Kidonge ukikimeza kila siku kinakinga vizuri sana, mume wako hawezi kukusubiri mpaka mzigo ufike.

Na huyo wa WhatsApp wa elfu themanini achana naye kabisa, mfute kwenye simu. PrEP kwenye vituo vyetu hatulipii, na hakuna anayechomwa hii kitu bila kupimwa kwanza siku hiyohiyo. Sababu yake ni kubwa. Ukichomwa wakati tayari una virusi hujui, dawa moja peke yake haiwezi kuviua, vinaizoea, na siku ukianza dawa za matibabu unakuta baadhi yake hazikusaidii tena. Halafu huyo anakuchoma nini? Marekani hiyo dawa kwa mtu mmoja kwa mwaka ni zaidi ya dola 28,000, viwanda vya India ndo vimeingia makubaliano ya kuitoa kwa dola 40 kwa mwaka kwenye nchi 120 za kipato cha chini na cha kati kuanzia 2027. Mtu wa mtaani anaipata wapi aje akuchome sebuleni? Inaweza kuwa maji, inaweza kuwa chochote.

Sasa mambo ya sindano yenyewe ambayo watu hawakuambii wanapoisifia. Lenakapaviri inaacha kinundu chini ya ngozi pale ilipochomwa. Mara nyingi hakionekani kwa macho ila ukipapasa unakihisi, na kinaweza kukaa miezi. Si ugonjwa, ndo dawa yenyewe imekaa pale. Lakini wewe una mume anayeweza kuweka mkono tumboni akauliza hii nini, kwaiyo liwaze mapema, mwambie nesi unataka paja au tumbo upande gani, na jibu lako uwe nalo. Usikikande, usikisugue. Ile ya tako haina hilo la kinundu cha kukaa miezi, inauma tu siku chache kukaa ni shida kidogo, ila kwa mwaka una safari sita au saba za kituoni badala ya mbili, na kila safari ni siku ya sokoni imeliwa na ni mtu kukuona umekaa kwenye benchi. Kila moja ina pa kukubana. Mimi kwa hali yako ningechagua ya miezi sita kama ipo, ila uamuzi ni wako na mwili ni wako.

Lingine, sindano ikishaingia haitoki. Kidonge kikikusumbua unaacha kesho, hii huwezi kuichomoa. Na ukiamua kuacha, dawa haiishi siku moja, inabaki mwilini kidogokidogo hata mwaka mzima au zaidi, kiwango kinashuka mpaka hakitoshi kukinga lakini bado kipo. Huo ndo muda mbaya kuliko yote wa kuambukizwa, kwa sababu kirusi kikiingia kinakutana na dawa dhaifu kinajifunza kuishi nayo. Kwaiyo anayeacha sindano na bado yuko kwenye hatari anahamia kwenye vidonge, haachi hivihivi. Na tarehe ziheshimu, ya lenakapaviri ni wiki 26, unaweza kuwahi au kuchelewa wiki mbili, ukipitiliza hapo unapimwa na kuanza upya na vile vidonge vya mwanzo. Iandike tarehe pale unapoandika tarehe za marejesho ya vikoba, hakuna atakayeistukia.

Umefanya vizuri mno kutaja TB ya mumeo. Ina maana, tena kubwa. Dawa ya TB inayoitwa rifampisini inaifanya ini iharakishe kuondoa hizi dawa mwilini, kabotegraviri haichomwi kabisa kwa mtu anayemeza rifampisini, na lenakapaviri inabidi aongezewe dozi. Umeishi nyumba moja na mtu aliyeumwa TB na vumbi la mgodi analo kifuani, je wewe ulipimwa? Kama una kikohozi, jasho la usiku au umepungua, liseme kabla ya sindano. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini nazo zina shida hiyohiyo. Na waombe wakupime homa ya ini B, kwa sababu vidonge vya PrEP vina tenofoviri ambayo inaikandamiza, na ukiviacha ghafla kuhamia sindano ini linaweza kuchafuka bila kujua kwanini.

Ya uzazi wa mpango endelea nayo, hazigombani, kila moja na kazi yake. Kizazi hakiharibiki. Kwenye ule utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wanawake wengi walipata mimba wakiwa kwenye lenakapaviri wakaendelea kuchomwa, na Shirika la Afya Duniani limeruhusu itumike kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Tena mwaka huo unaotafuta mtoto ndo mwaka ambao kinga unaihitaji zaidi, maana kondomu hamtatumia, na mama akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha virusi vinakuwa vingi sana kwenye damu na mtoto anavipata kirahisi. Ila kumbuka sindano hii haizuii kaswende, kisonono wala klamidia. Kule mgodini hivyo vyote vipo, ukiona uchafu usioeleweka au maumivu chini ya kitovu nenda.

Kuna na pete ya dapivirini, ya silikoni, mwanamke anaiweka mwenyewe ukeni inakaa mwezi. Kinga yake ni ndogo kuliko hizi, tafiti zilionyesha inapunguza maambukizi kwa karibu theluthi moja tu, kwaiyo kwako sioni sababu labda yote mengine yakishindikana.

Haya, mama mkwe. Vitamini usiseme. Wifi yako ameshaisoma picha, na ni kweli kopo za PrEP na za ARV, hizo dawa za kufubaza, zinafanana na dawa ya ndani nyingine ni hizohizo, ukisema vitamini utakamatwa na uongo na ndo watathibitisha wanachokiamini. Subiri kwanza upime. Ukishapata majibu, siku watoto wamelala mkae wawili tu umwambie hivi, mama kopo uliloliona ni langu, ni dawa za kinga siyo za matibabu, mimi sina virusi na nimepima, nameza kwa sababu mwanao anakaa mbali na mimi nina watoto wa kulea. Usimtukanie mwanae, usitaje huyo mwanamke. Mama wa Kibosho ambaye mtoto wake yuko Mirerani hahitaji kuelezwa Mirerani kukoje, anajua, ameona majirani zake wakizika. Wengi wa kina mama hawa ukiwaendea na ukweli kwa heshima wanakuwa upande wako, na huyu ameshakaa na siri hii wiki kadhaa bila kumwambia mwanae, mimi naona hapo kuna upendo au angalau kuna busara.

Wifi ni kesi nyingine. Mwambie picha aifute, na umjulishe kwamba Tanzania tuna sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti ukimwi, inalinda siri ya mtu na inakataza kumnyanyapaa. Mwambie kwa sauti ya kawaida tu. Na kama habari imeshamfikia mumeo akarudi na mkono juu, usikae ukavumilia kwa ajili ya watoto, dawati la jinsia lipo polisi na hospitali wanakupokea ukiwa na majeraha hata kabla ya kwenda polisi.

Kuhusu mume kupima, kwa sasa usimlazimishe na usiweke maisha yako kwenye jibu lake. Ila ukipita kituoni omba kile kipimo cha kujipima, JIPIME, unapangusa fizi unasoma mwenyewe majibu baada ya dakika chache. Kiweke ndani. Wanaume wengi wanaokataa benchi la hospitali wanakubali kujipima chumbani wakiwa peke yao, na akikuta anavyo akaanza dawa akazimeza mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hakuambukizi tena wewe, hilo nalo limefanyiwa utafiti kwa maelfu ya wapenzi.

Jumatatu asubuhi mwachie jirani meza yako ya nguo, nenda kapime, urudi na vidonge. Vitoe kwenye kopo uweke kwenye kimfuko kidogo ndani ya pochi ya hela ya mauzo, saba vya wiki, kopo lenyewe waombe wakutunzie kituoni kama wanakubali au liache kwa mtu unayemwamini. Ndoo ya unga iache iwe ya unga. Ukipata majibu niandikie.

Shangazi